Springi za Lori la Kliniki

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kila siku saa kumi na nusu jioni, nikimaliza zamu, nilipitia karakana moja ndogo nyuma ya soko la Ifakara kukagua mikono ya fundi. Ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Fundi aliugua ukoma akiwa kijana huko upande wa Mahenge, akaletwa Ifakara kutibiwa, akapona, na hakurudi kwao tena. Ugonjwa uliondoka ukaacha ganzi. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimefupika, vitatu tu ndivyo vilivyoweza kushika kitu, na viganja vyote viwili havikujua moto wala ncha ya msumari. Angeweza kushika chuma cha moto akaendelea kuzungumza mpaka mwingine asikie harufu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, nesi. Njoo usome."

Kukagua yeye alikuita kusoma. Alivua glavu za ngozi nene alizojishonea mwenyewe, akaketi kwenye benchi, akanigeuzia viganja. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, nakaa Lipangalala, na sikuwa najua chochote kuhusu magari. Nilijua malengelenge, mikwaruzo na ngozi iliyokauka. Lakini mtu ukikaa kila siku mahali watu wanapofanya kazi vizuri, utaanza kutazama na kazi yenyewe. Nilimwona akitengeneza magurudumu ya mikokoteni, pampu za maji, na miguu ya bandia kwa wenzake waliopoteza yao. Mguu wa bandia aliutengeneza mpaka mwenye kuuvaa aje aseme haumgusi vibaya popote, hata kama ni mara ya saba.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kliniki ya mkoba. Mara mbili kwa mwezi tulikwenda mbugani kupima watoto na kuwachanja. Miezi ya mpunga nusu ya watu wa Ifakara huhamia kule mashambani, wakaishi kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na watoto wao wote wako nao. Ukiwasubiri mjini hutawaona mpaka mavuno. Kwa hiyo sisi ndio tuliowafuata, wauguzi wanne na dereva, na lori lililoachwa na mradi mmoja uliomalizika.

Lilikuwa lori zuri, magurudumu yote manne yanavuta, bodi ya mbao na turubai. Tatizo ni kwamba waliolitengeneza walitaka libebe tani tano, nasi tulipakia mizani, kisanduku cha chanjo, meza mbili za kukunja na miili yetu. Springi zake zilikuwa fungu nene la majani ya chuma yaliyolaliana, na kwa mzigo wetu hazikujua hata kama kuna kitu juu yake. Barabarani tulirushwa tu. Mbugani ilikuwa habari nyingine.

Siku moja tukiwa tumepita Michenga tulifika mahali ambapo maji yalikuwa yamekata tuta la majaruba ya zamani ya mpunga. Dereva alilikabili kwa upole. Gurudumu la mbele kushoto likaingia shimoni, lori likainama upande huo, na gurudumu la nyuma kulia likanyanyuka juu kabisa. Dereva akakanyaga mafuta. Lile la nyuma likazunguka hewani, lile la mbele likazunguka kwenye tope bila kukamata kitu, na mengine mawili, yaliyokaa vizuri kwenye udongo mkavu, yakatulia tu. Tulishuka tukachimba kwa majembe ya kuazima mpaka jua likawa la utosi.

Aliyetutoa ni mfugaji mmoja wa Kisukuma, mmoja wa wale waliokuwa wameanza kuhamia bondeni na mifugo yao. Alikuja na jozi mbili za maksai wa kulimia na mnyororo. "Mwangaluka," alitusalimia kwa Kisukuma, kana kwamba ametukuta tumeketi nyumbani. Maksai wakavuta, lori likatoka. Kisha akachuchumaa pembeni ya gurudumu la nyuma, akalitazama kwa muda mrefu.

"Ng'ombe wangu akipita hapa anashusha mguu mpaka ukute chini," alisema. "Hili lenu halishushi. Linabaki na miguu mitatu."

Dereva alikasirika. Alikuwa Mndamba wa miaka hamsini hivi, mrefu, suruali yake ya kaki imepigwa pasi hata siku za tope, na alikuwa ameendesha malori makubwa tangu ujana wake. "Mzee, ng'ombe hana injini," alimjibu.

Kesho yake, wakati nasoma mikono ya fundi, nilimsimulia kama kichekesho. Hakucheka.

"Hilo gurudumu lililokuwa juu," aliuliza, "lilining'inia kwenda chini, au lilibaki limejibana kwenye bodi?"

Sikuwa nimetazama.

"Huyo mfugaji alitazama," alisema. "Mwambie dereva alilete Jumamosi."

Bosi wetu wa kliniki alitoa ruhusa kwa shingo upande. "Mkiliharibu mtakwenda kwa miguu," alituambia. Dereva naye hakupenda, na nilijua sababu yake nyingine ambayo hakuitaja. Katika miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kumpa fundi mkono. Alimsalimia kwa mbali kwa kunyanyua kiganja, kisha akakirudisha mfukoni. Nilikwisha kumweleza mara nyingi kwamba fundi amepona kabisa na hawezi kumwambukiza mtu. Alitikisa kichwa kukubali, na mikono ikabaki mfukoni.

Jumamosi ile fundi alikuwa amekusanya mataruma makuukuu, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Alimwagiza dereva apandishe gurudumu moja la mbele juu ya taruma moja, kisha mawili, kisha matatu, na kila mara aliniita nyuma ya lori. Chini ya tairi la nyuma la upande huohuo alikuwa ameweka ukurasa wa gazeti.

"Vuta."

"Haitoki."

Taruma lingine likaongezwa.

"Vuta."

"Inatoka, lakini kwa shida."

"Shida kiasi gani? Kama kuvuta shuka chini ya mgonjwa, au kama kuvuta uzi kwenye kitambaa?"

Nilifikiri. "Kama shuka. Mgonjwa mwembamba."

Alifurahi sana na jibu hilo. Mikono yake haikuweza kujua karatasi imekazwa au imelegea, kwa hiyo aliniuliza mimi, na aliuliza kama daktari anavyomuuliza mgonjwa maumivu yake. Kwa mataruma matatu karatasi ilitoka yenyewe. Gurudumu lilikuwa hewani. Akachukua ufito, akapima kimo cha mataruma, akaweka alama ya mkaa.

"Hapa ndipo miguu minne inapokuwa mitatu," alisema. "Sasa tuisogeze hii alama."

Nilichokiona katika wiki zilizofuata nakieleza kama nilivyokielewa. Kwanza alifungua mafungu yote manne ya springi na kuyatawanya majani yake juu ya turubai, kuanzia refu mpaka fupi. Yalikuwa yameshikana kwa kutu hata yasiweze kutelezeana. Aliyasugua moja moja, akayapaka grisi, na katika kila fungu akaacha nje majani mazito yaliyowekwa kwa ajili ya tani tano ambazo hatukuwa nazo. Dereva alisimama kando yake akilalamika kwamba lori litalala chini. "Litalala kidogo," fundi alikubali, "na likitaka kulala zaidi, tutarudisha jani moja." Aliyafunga, akalishusha lori, akalitazama, akarudisha jani moja kwenye springi za nyuma. Hakuona aibu kurudi hatua nyuma mbele ya mtu aliyemtilia shaka.

Pili, ncha moja ya kila springi haikufungwa moja kwa moja kwenye chasisi. Ilining'inizwa na vyuma viwili vifupi vinavyobembea, ili springi ikijinyoosha ipate pa kwenda. Vyuma hivyo vilikuwa vifupi mno. Fundi aliamua kufua vingine virefu zaidi. Springi zenyewe hakuzitia moto hata mara moja. "Springi ukiitia moto inasahau kurudi," alinieleza. Lakini hivi vyuma vya kuning'inizia vilihitaji moto, nyundo na tindo, na hapo ndipo jambo lilipoharibika.

Jumatano ya wiki ya pili nilipofika alikuwa amekwisha kuvaa shati lake la kuondokea. Alinigeuzia mkono wa kushoto tu.

"Na huo mwingine?"

"Huo leo haujafanya kazi."

"Fundi."

Aliutoa nyuma ya mgongo. Kwenye kiganja kulikuwa na kidonda cha moto kikubwa kama kifuniko cha chupa, cheupe katikati. Ngozi ya glavu ilikuwa imetoboka naye hakujua. Aliendelea kufua asubuhi nzima. Nilihisi hasira kama ile unayohisi kwa mtoto aliyevuka barabara bila kutazama, nikasahau kabisa kwamba ni mtu mzima wa umri wa baba yangu.

"Umenificha," nilimwambia.

"Nimekuficha kwa sababu ungenizuia. Vimebaki vyuma vitatu."

"Nakuzuia. Wiki mbili. Hutashika nyundo wala koleo."

"Na mvua? Mvua zinakuja, nesi."

Hakuwa anabisha ili ashinde. Alikuwa amehesabu siku kama mimi. Nilimfunga kidonda, nikachukua nyundo yake nikaondoka nayo mpaka Lipangalala, nimeishika mkononi mji mzima unaniangalia.

Asubuhi yake dereva alinikuta getini kwa kliniki. Habari ilikuwa imemfikia. Aliuliza kidonda kikoje, akauliza kitachukua muda gani, kisha akautazama mfuko wangu, ambamo mpini wa nyundo ulikuwa umechomoza.

"Nipe hiyo nyundo," alisema mwishowe. "Yeye atasema, mimi nitapiga."

Jioni hiyo niliwakuta. Dereva amevua shati lake la kaki lililopigwa pasi, amelitundika kwenye msumari, na jasho linamtiririka. Fundi ameketi kwenye gogo, mkono umefungwa bandeji, anatoa maelekezo bila kupaza sauti. "Mpaka iwe rangi ya embe bivu. Bado. Bado. Sasa." Dereva alipiga vibaya. Fundi akamwambia arudie. Alipiga vibaya tena. Mara ya tatu fundi alisimama, akaweka mkono wake wa kushoto, ule usio na kidonda, juu ya mkono wa dereva ulioshika mpini, akauinamisha kidogo. "Pembe hii." Nilitazama uso wa dereva. Alikaza macho kwenye chuma tu, wala hakuuondoa mkono.

Vyuma vitatu vilimchukua siku tano. Fundi angevimaliza kwa siku moja, na alivikataa viwili vya kwanza. Lakini vile vilivyokubaliwa vilikuwa sahihi, na dereva alivionyesha kwa kila aliyepita pale kana kwamba ni vikombe vya mashindano.

Tulirudi kwenye mataruma. Matatu, karatasi haikutoka. Manne, haikutoka. Kwa matano nilimwambia fundi, "Kama shuka." Gurudumu moja la mbele lilikuwa juu kama kiti, lile la nyuma limeshuka mbali na bodi likitafuta ardhi, na lori zima limejipinda kama mtu aliyekaa upande mmoja wa kitanda. Kwa mara ya kwanza nilielewa kile mfugaji alichokiona.

Fundi alitaka kwenda nasi kwenye jaribio la kwanza. Tulimtandikia mkeka ndani ya bodi, naye akang'oa ubao mmoja wa sakafu, akalala kifudifudi akichungulia springi zake zikifanya kazi. Njia nzima tulimsikia akicheka peke yake. "Imeshuka! Imerudi! Angalia, imerudi!" Wauguzi wenzangu walishikana mabega kwa kicheko.

Kicheko kilikatika tulipovuka tuta la pili. Kitu kililia chini kama kamba inayokatika, na fundi akapiga kelele, "Simama!" Dereva akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Lori likaserereka polepole mpaka kwenye matete, likasimama lenyewe. Ekseli ya nyuma iliposhuka zaidi ya zamani ilivuta mpira unaopitisha mafuta ya breki mpaka ukachanika, na shokapu moja ikang'oka kwenye kikalio chake.

Dereva alishuka, akainama kuchungulia chini ya lori. Nilisubiri aseme kila alichokuwa amekiweka moyoni tangu mwanzo. Fundi alimwahi.

"Kosa ni langu," alisema mbele yetu sote. "Niliiachia springi uhuru, nikasahau vilivyofungwa pembeni yake. Ningeweza kuwaua."

Dereva alifuta jasho. Alitazama mpira uliochanika, akamtazama fundi. "Mimi pia nilikagua chini ya lori," alisema. "Sikuliona hilo." Wakakaa kwenye majani wakaanza kujadiliana.

Marekebisho yalikuwa rahisi kuliko kosa. Mipira ya breki ikabadilishwa ikawa mirefu. Shokapu zikapatikana ndefu zaidi, za gari jingine. Na ili ekseli isishuke kupita kiasi, fundi aliifungia mikanda minene iliyokatwa kwenye mkanda mkuukuu wa mashine ya kukoboa mpunga, urefu wake umepimwa kwenye mataruma. Kisha aliniita chini ya lori, mimi na sare yangu nyeupe, kwenye ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, kuona kama nao umevutwa kiasi cha kuchomoka.

"Ingiza kidole hapa kwenye maungio. Kinapita?"

"Kidole cha mwisho tu."

"Basi pako salama. Kingepita cha shahada ningeanza upya."

Mvua zilikuja wiki iliyofuata. Tulikuwa tumemaliza kliniki mbele ya Michenga, mchana, tunakunja meza, alipokuja mkulima mmoja amelowa mpaka kifuani. Mke wake alikuwa dunguni na uchungu tangu jana yake, mkunga wa huko amekwisha kusalimu amri. Tulilifuata dungu lao kwa njia ya ng'ombe, tukamkuta. Mtoto alikuwa amelala vibaya. Nilijua mara moja kwamba hawezi kuzaliwa pale, na kwamba mama hana muda mwingi.

Tulimlaza juu ya godoro lao kwenye bodi, nikapiga magoti pembeni yake nimemshika kiuno. Fundi alikuwa nasi, kama alivyokuwa katika kila safari tangu lile jaribio, amejikunyata pembeni na jicho lake kwenye tundu la sakafu. Kurudi kulikuwa na lile tuta lililokatwa na maji, na sasa lilikuwa na maji kweli. Nilimsikia dereva akipunguza gia. Nikajiandaa kurushwa, nikamkumbatia yule mama ili asiviringike.

Hatukurushwa. Niliona kwa tundu lile la ubao gurudumu la kushoto likizama, likizama tena, wakati sakafu chini ya magoti yangu iliinama kidogo tu kisha ikanyooka. La kulia likapanda. Magurudumu yote manne yalikuwa yanakamata. Lori lilipita taratibu, bila kelele, kama mtu anayeshuka ngazi gizani anapapasa kila daraja kwa mguu.

"Limepita?" mama aliniuliza, macho ameyafumba.

"Limepita, mama."

Fundi hakupiga kelele safari hii. Alikuwa ameishika pembe ya godoro kwa mikono yake miwili ili lisiteleze, na midomo yake ilikuwa inasali.

Tulifika hospitali jua likiwa bado juu. Walimpasua, mtoto wa kike akatoka amechoka lakini analia. Mama alikaa siku kumi kisha akarudi shambani kwake, na sisi ndio tuliomrudisha.

Sisemi kwamba lori lile lilikuwa kamilifu. Kwenye barabara ya Mang'ula liliyumba kona zote, na dereva alilazimika kwenda taratibu hata waendesha baiskeli wakatutania. Mkaguzi mmoja wa magari alipolitazama alitaka springi zirudishwe zilivyokuwa kiwandani. Dereva, yule aliyesema ng'ombe hana injini, alisimama mbele yake amevaa kaki yake na kumwambia, "Mzee, panda kwanza. Twende mbugani, halafu useme." Walikwenda. Mkaguzi alirudi na tope magotini, akaandika kwamba lori lisipakiwe zaidi ya tani moja na lisipelekwe mwendo wa kasi, akasaini. Lilituhudumia hivyo mpaka nilipohamishiwa Mahenge, na baada yangu pia.

Nimefanya kazi na madaktari waliosoma nchi za mbali, na nimewaheshimu. Lakini mtu aliyenifundisha maana ya uangalifu ni yule asiyeweza kuhisi alichokishika. Kwa kuwa hakuwa na mikono ya kuamini, aliuliza. Aliniuliza mimi, akamuuliza dereva, akapokea hata neno la mfugaji aliyemjua kwa kusimuliwa tu, na aliyasikiliza majibu mpaka mwisho. Akikosea alisema amekosea, kisha akaanza kupima upya.

Mara ya mwisho nilipopita Ifakara kwa likizo, dereva alikuwa amestaafu. Nilikwenda nyumbani kwake, mkewe akacheka. "Huyo hakai hapa. Yuko kwa fundi tangu asubuhi." Nikaenda karakana. Walikuwa wote wawili chini ya tela la trekta, miguu tu inaonekana, wanabishana kuhusu bolti. Niliwaamkia. Sauti mbili zikaitikia marahaba kwa pamoja, na mmoja wao akasema nisubiri kidogo, wanakaribia kumaliza. Nikaketi kwenye benchi.